Saa ya Mjomba: Nani Humfuata Mgonjwa Akishatoka Hospitali?

Mjomba wangu alilala siku 19 katika chumba cha wagonjwa mahututi, na katika siku 11 kati ya hizo mashine ndiyo iliyompumulia. Nimonia ilikuwa imeyashika mapafu yake yote mawili. Siku aliyoruhusiwa tulikabidhiwa dawa za wiki mbili, karatasi yenye muhuri na tarehe ya kurudi baada ya mwezi mmoja. Vijana wanne wa mtaani wakampandisha kwa kiti ngazi za nyumba yake ya Mkunazini, zile ngazi za Mji Mkongwe zilizosimama wima kama za mnara, akalazwa ghorofani karibu na dirisha. Kuanzia saa ile hospitali haikujua tena habari zake.

Wiki ya pili ikaja saa. Mwanawe anayefanya kazi Maskati aliituma kwa mtu aliyekuwa anarudi likizo. Ni saa nyeusi ya mpira, yenye kuhesabu hatua, mapigo ya moyo na muda wa usingizi, kisha ikazipeleka hesabu zake kwenye simu na kutoka hapo kwenye mtandao. Kila asubuhi binamu yangu, akiwa ng'ambo ya bahari, aliweza kusoma baba yake alitembea hatua ngapi jana. Siku ya kwanza zilikuwa 61.

Mimi ni mwalimu wa historia. Mjomba hupenda kunitania kwamba ni daktari wa vitabu, nisiyeweza hata kutibu mafua. Ni kweli. Lakini saa ile ilinirudisha kwenye swali ambalo ni la historia kabla ya kuwa la tiba: hapa kwetu, nani humfuata mgonjwa akishatoka hospitali? Na kwa nini baadhi ya wagonjwa wamefuatwa mpaka mlangoni kwao kwa zaidi ya karne moja, ilhali wengine huachwa kwenye ngazi?

Tuanze na chumba chenyewe. Chumba cha wagonjwa mahututi ni kitu kipya katika historia ya tiba. Mwaka 1952 mji wa Copenhagen nchini Denmark ulivamiwa na ugonjwa wa polio, na wagonjwa wengi walikuwa wakifa kwa kushindwa kupumua. Mwezi Agosti mwaka huo daktari wa usingizi, Bjørn Ibsen, alitaka msichana wa miaka 12 atobolewe koo na kupitishiwa mpira, kisha akampumulia kwa kuubana mfuko wa hewa kwa mkono. Msichana akaishi. Mashine zilikuwa chache mno, basi wanafunzi wa udaktari wapatao 1,500 waliitwa kwa zamu, mchana na usiku, kuibana mifuko ile kwa mikono yao kwa majuma na miezi. Mwaka uliofuata, 1953, Ibsen alifungua chumba maalumu cha wagonjwa wa namna hiyo. Kwa hiyo chumba tunachokiona leo kuwa ni mahali pa mashine kilizaliwa kutokana na mikono ya watu waliokaa kitandani kwa mgonjwa bila ya kuondoka.

Kwa miongo kadhaa mafanikio ya vyumba hivyo yalipimwa kwa swali moja tu: ametoka hai au hakutoka? Ilichukua muda mrefu kwa madaktari kuuliza la pili: ametoka akiwa mtu wa namna gani? Mwaka 2003 watafiti wa Toronto, wakiongozwa na Margaret Herridge, walichapisha habari za watu 109 walionusurika na ugonjwa mkali wa mapafu. Mwaka mmoja baada ya kutoka, mapafu ya wengi wao yalikuwa yamekaribia hali ya kawaida, lakini walipotakiwa watembee kwa dakika sita walifikia takriban asilimia 66 tu ya masafa yaliyotarajiwa kwa watu wa umri na umbo lao. Ni kama nusu tu walioweza kurudi kazini. Mwaka 2013 utafiti mwingine uliofanyika London ulionesha sababu mojawapo: ndani ya siku 10 za kulala mahututi, msuli wa paja ulisinyaa kwa zaidi ya asilimia 17. Leo hali hii ya udhaifu wa mwili, sahau, khofu na huzuni baada ya chumba cha mahututi ina jina lake katika vitabu vya tiba.

Kiswahili kilikuwa na maneno yake zamani. Mgonjwa huwa mahututi, kisha hoi, kisha tukasema ana nafuu, kisha ashekali, kisha hajambo, mwisho amepona. Kila neno ni daraja, na mzee yeyote wa mtaani anajua tofauti ya ashekali na hajambo. Rejista ya hospitali ina maneno mawili: ameruhusiwa, amefariki. Safari yote iliyo baina ya hoi na amepona haina safu ya kuandikwa.

Nimekaa siku nyingi katika Nyaraka za Taifa pale Kilimani nikisoma ripoti za idara ya tiba za enzi ya himaya ya Waingereza. Majedwali yake yanahesabu waliolazwa na waliokufa. Aliyetoka kwa miguu yake hutoweka kwenye karatasi. Hata hivyo lingekuwa kosa kusema kwamba dola haikujali mtu akiwa nyumbani kwake. Ilijali, tena sana, kwa sharti moja: awe na kitu cha kuwaambukiza wengine.

Mifano tunayo. Kipindupindu cha mwaka 1869 na 1870 kiliua watu wengi mno mjini Unguja. Daktari wa Kiskoti, James Christie, aliyekuwa akifanya kazi hapa wakati ule, alifuatilia njia ya ugonjwa kutoka bara kupitia misafara hadi pwani na hadi kwenye mitaa yetu, kisha akachapisha kitabu chake mwaka 1876. Kitabu hicho ni miongoni mwa kazi za mwanzo za kufuatilia maradhi katika Afrika Mashariki. Miaka ya 1890 serikali ilijenga majengo katika kisiwa cha Changuu. Lililokusudiwa kuwa gereza likaishia kuwa sehemu ya karantini ya wasafiri wa meli. Mgeni anayekwenda Changuu leo kutazama kobe hupita mbele ya ushahidi wa jambo hili: fedha na mawe vilipatikana haraka pale mwili wa mtu ulipoonekana kuwa hatari kwa bandari na biashara.

Hospitali zenyewe zilijengwa kwa sadaka na siasa. Tharia Topan aliweka jiwe la msingi la jengo la zahanati mbele ya bandari mwaka 1887, kwa ajili ya jubilei ya Malkia Victoria. Wamisionari wa Kianglikana walijenga hospitali yao hapo hapo Mkunazini, karibu na kanisa lililosimama palipokuwa soko la watumwa. Hospitali kuu iliwahi kubeba jina la ukoo wa Karimjee Jivanjee, baada ya Mapinduzi ikaitwa V. I. Lenin, kisha ikawa Mnazi Mmoja. Baada ya 1964 matibabu yalitangazwa kuwa bure, na tangu mwaka huo huo madaktari wa Kichina kutoka jimbo la Jiangsu wamekuwa wakija kwa zamu. Hayo ni mambo makubwa na hakuna haja ya kuyapunguza. Mlango wa hospitali ulifunguliwa kwa maskini. Ila mlango huo uliendelea kufungua upande mmoja, upande wa kuingia.

Sasa tuje kwenye zama zetu, maana hapa ndipo hoja yangu ilipo. Zanzibar ni miongoni mwa nchi zilizofanikiwa sana kupunguza malaria. Tangu 2008 vituo vya afya vilianza kupeleka hesabu za wagonjwa wa malaria kwa simu, na mnamo 2012 ukaja mfumo unaoitwa Coconut Surveillance. Kituo kikigundua mgonjwa mmoja, taarifa humfikia ofisa wa wilaya kwa simu, naye hufunga safari hadi kituoni na kisha hadi nyumbani kwa mgonjwa, akawapima wote wanaoishi naye. Tafakari ukubwa wa jambo hili. Mtu mmoja katika kijiji cha Makunduchi au Nungwi anapatikana na vijidudu, na ofisa anapanda pikipiki kumfuata hadi uani kwake. Baadaye mpango wa Jamii ni Afya ukawapa wahudumu wa kujitolea wa afya ya jamii, Unguja na Pemba, simu zenye programu ya kuwaongoza wanapowatembelea wajawazito, mama waliojifungua na watoto wadogo.

Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba sisi ni maskini mno kumfuata mtu nyumbani. Tunajua kufuata. Kila shehia ina sheha anayejua nani kahamia na nani kahama. Tumefuata kipindupindu, tumefuata mbu, tumefuata mimba. Tusiyemfuata ni yule ambaye ugonjwa wake haumtishi mtu mwingine, aliyekwisha kuigharimu serikali siku 19 za mashine, oksijeni na wauguzi, akatoka hai. Uwekezaji wetu mkubwa kuliko wote tunautelekeza chini ya ngazi.

Anayemfuata ni nani, basi? Ni mkewe. Mkaza mjomba ana umri wa miaka 66 na goti bovu. Yeye ndiye aliyemgeuza mjomba kitandani kila baada ya saa mbili asipate vidonda, aliyemkanda miguu kwa mafuta ya nazi yaliyopashwa moto, aliyempikia uji asiouliza kama anautaka. Ndiye aliyebuni kipimo cha mazoezi, na hakikuwa cha hatua. Lengo la kwanza lilikuwa dirishani. La pili msalani bila ya kushikwa. La tatu chini ya ngazi. La nne barazani kwa jirani. La tano msikitini. La mwisho, alilolitaja mjomba mwenyewe tangu aliporudishiwa sauti, lilikuwa Jaws Corner, kwenye kahawa na ubishi wa siasa, ambako kiti chake kilikuwa kikisubiri.

Saa ya Maskati ilikuja na kipimo kingine: hatua 10,000. Namba hii inatazamwa kama aya ya vitabu vya tiba, ila asili yake ni biashara. Mwaka 1965, baada ya michezo ya Olimpiki ya Tokyo, kampuni moja ya Kijapani iliuza kifaa cha kuhesabu hatua kilichoitwa Manpo-kei, maana yake kipimo cha hatua elfu kumi. Lilikuwa jina zuri la bidhaa. Miaka sitini baadaye, mzee wa Mkunazini aliyejikongoja hadi msalani aliambiwa na saa yake kwamba ametimiza chini ya asilimia moja ya lengo.

Hata hesabu yenyewe ilikuwa na kasoro. Saa za mkononi hutambua hatua kwa mrusho wa mkono. Mtu anayetembea asteaste, mkono mmoja ukiwa kwenye mkongojo na wa pili ukutani, huhesabiwa pungufu. Kinyume chake, siku wageni walipokuja na mazungumzo yakaingia kwenye uchaguzi, mjomba alipunga mikono kwa hamasa akiwa amekaa kitako, na saa ikamwandikia hatua ambazo hakuzitembea. Binamu akapiga simu kutoka Maskati akiwa na furaha kubwa. Hatukuwa na moyo wa kumwambia.

Kasoro nyingine si ya kuchekesha. Vifaa vinavyopima hewa katika damu kwa mwanga hutegemea mwanga huo kupita kwenye ngozi. Mwaka 2020 watafiti wa Marekani walionesha kwamba vifaa vya kidoleni vya hospitali viliwakosea wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi kuliko wazungu, vikisema hewa inatosha wakati damu yenyewe ilikuwa na upungufu. Anayetaka kuleta vifaa vya namna hii visiwani aulize kwanza vilijaribiwa juu ya ngozi za nani.

Baada ya kuyasema hayo, ni lazima nieleze yaliyotokea katika wiki ya sita, kwa sababu yananihusu.

Mjomba alikuwa amefika hatua 1,900 kwa siku. Mkaza mjomba akaniambia, siku ya Jumatatu, kwamba hali si nzuri: anaacha uji nusu bakuli, na pumzi inamkatika akiinuka kutoka kwenye sijda. Nilimjibu kwa heshima zote kwamba ni uchovu, amezidisha mazoezi. Jumanne akarudia. Nikamwambia tungoje tarehe ya kliniki. Alhamisi usiku binamu akanipigia simu. Kwa siku tatu mfululizo, alisema, mapigo ya moyo ya baba usingizini yamepanda kutoka 74 hadi 92, na hatua zimeshuka hadi 600. Ndipo nilipovaa viatu.

Daktari kijana tuliyemkuta alitupokea vizuri. Alikuta maambukizi yanaanza upya kwenye pafu la kulia, akatoa dawa, na mjomba hakuhitaji tena kulazwa. Nilipomwonesha mchoro wa mapigo kwenye simu aliutazama kwa makini, kisha akafungua jalada na kulifunga. Hapakuwa na mahali pa kuuandika. Hapakuwa pia na namba ya simu ambayo tungeweza kuipiga tangu Jumatatu.

Nilipokuwa nikirudi nyumbani nilijiona mdogo. Mkaza mjomba alikuwa ameona kila kitu siku tatu kabla, kwa macho yake, bila ya betri. Mimi, mwenye shahada ya uzamivu, nilingoja mpaka yale yale yaje kwa tarakimu, kwa sauti ya mwanamume, kutoka ughaibuni. Saa haikujua zaidi yake. Ilichofanya ni kulipa neno lake sura ambayo watu wa aina yangu tumezoea kuiamini. Nilimwomba radhi. Akanijibu, "Usijali mwanangu, hata hospitali hawakuniuliza."

Jibu hilo ndilo historia niliyoisoma Kilimani kwa miaka yote. Maarifa ya kumrejesha mtu kutoka hoi hadi hajambo yamekaa kwa wanawake wa nyumbani, hawalipwi, hawaandikwi, hawaulizwi. Tukiingiza saa bila ya kulibadilisha hilo, tutakuwa tumeongeza mtazamaji mwingine wa mbali, tena safari hii ni kampuni ambayo kumbukumbu zake hatujui zimehifadhiwa nchi gani.

Ninaandika nikijua kwamba miongoni mwa wasomaji wa ukurasa huu wamo maofisa wa wizara na wanafunzi watakaokuwa maofisa kesho. Napendekeza mambo matatu.

Kwanza, kila anayetoka chumba cha mahututi aingizwe katika orodha ya wahudumu wa afya ya jamii wa shehia yake, atembelewe wiki ya kwanza, ya pili na mwisho wa mwezi. Njia ipo, simu zipo, na watu hawa ni wachache mno ukiwalinganisha na wajawazito. Maswali yawe yale ya mkaza mjomba: amefika wapi, amekula kiasi gani, pumzi inamkatika akifanya nini. Na mwenye kuuguza aulizwe kwanza.

Pili, saa hizi zikija, na zitakuja, ziwe mali ya hospitali, zitolewe kwa mkopo, zirudi. Kipimo kiwe mwendo wa mgonjwa mwenyewe wa wiki iliyopita. Mabadiliko ya siku tatu yana maana hata pale ambapo saa inahesabu vibaya, maana inakosea kwa namna ile ile jana na leo. Na isiwepo saa bila ya mtu aliyeajiriwa kuisoma.

Tatu, sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika, lakini afya si jambo la Muungano. Nani mwenye mapigo ya moyo ya mzee wa Mkunazini, na nani anaruhusiwa kuyaona, ni suala ambalo Baraza la Wawakilishi linapaswa kulijibu kabla ya wauzaji kulijibu kwa niaba yetu.

Mjomba alifika Jaws Corner katika mwezi wa nne, kwa mkongojo, akipumzika barazani mara mbili njiani. Saa aliiacha nyumbani ikichajiwa, na Maskati waliandikiwa kwamba siku ile hakutoka kitandani. Mkaza mjomba aliandika safari hiyo katika daftari la skuli la mjukuu wake, analoliweka chini ya mto tangu wiki ile ya sita, tarehe na mahali alipofika. Nimemwomba aniachie nilinakili.

Karatasi ya kuruhusiwa bado ninayo pia. Chini ya muhuri wake pana nafasi tupu ya vidole viwili. Namba moja ya simu ingetosha pale.